Chupa yenye stempu ya ushuru nayo huua

Tangu Julai 2025, serikali ya Kenya ilipozindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, mjadala umeganda kwenye nambari moja: 21. Sera hiyo inapendekeza umri wa kuruhusiwa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Inataka pia pombe isiuzwe kwenye supamaketi, isiagizwe mtandaoni, wala isifikishwe mlangoni mwa mtu kwa bodaboda. Wenye baa walipiga kelele. Vijana wakauliza inawezekanaje mtu apige kura, aoe na alipe kodi, halafu akatazwe bia. NACADA, mamlaka inayosimamia vita dhidi ya ulevi na dawa za kulevya, ikalazimika kueleza kwamba sera si sheria na kwamba hakuna kilichobadilika bado. Naona tumeshika tawi tukaacha shina. Pombe inayovunja nyumba na kulaza watu hospitalini haiko hasa mkononi mwa kijana wa miaka 19, wala kwenye pipa la mpishi wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, aliyetia sumu. Iko mezani kwa mtu mzima mwenye familia, anayekunywa kinywaji halali kilicholipiwa ushuru, kila jioni, mwaka nenda mwaka rudi.

Si ajabu kwamba hatumwoni mtu huyu. Kwa miaka 25 tumefundishwa kuitambua hatari ya pombe kwa idadi ya majeneza yanayotoka kijiji kimoja kwa wiki moja. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 130 na kuwaacha wengine vipofu. Mwaka 2005 ikawa Machakos. Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa katika siku chache, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, ambako watu 17 walikufa, na ikaelezwa kuwa pombe waliyokunywa ilikuwa kidhibiti cha kesi, yaani ushahidi, kilichoibwa kutoka kituo cha polisi. Baada ya kila msiba hufuata msako. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaamuru wabunge wa eneo la Kati waongoze vita dhidi ya pombe za bei ya chini, tukaona kwenye televisheni mapipa yakipinduliwa na chupa zikipondwapondwa. Machi 2024, mwezi mmoja baada ya Kirinyaga, Waziri wa Usalama wa Ndani Kithure Kindiki alitangaza hatua zaidi ya 20, ikiwemo kusimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali. Kisha joto likapoa. Kilichobaki vichwani mwetu ni imani kwamba pombe ni za aina mbili: chafu inayoua, na safi isiyo na neno.

Imani hiyo haina mguu wa kusimamia. Kileo kilicho ndani ya bia, mvinyo na chang'aa ni kimoja, ethanoli. Methanoli ni kitu kingine, kiyeyushio cha viwandani. Mtu akiimeza, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia neva za macho. Ndiyo maana waathiriwa huanza kulalamika, nusu siku hadi siku nzima baadaye, kwamba wanaona ukungu mweupe. Chang'aa iliyopikwa kwa nafaka na sukari kwa kawaida haibebi methanoli ya kuangamiza kijiji. Vifo vya halaiki hutokea pale mtu anapoimimina kwa makusudi ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Huo ni uuaji, na wanaoufanya wanastahili jela, pamoja na maafisa wanaowafungulia mlango. Lakini ethanoli isiyochanganywa na chochote nayo hugeuzwa na ini kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi moja na moshi wa sigara. Saratani zinazohusishwa nayo ni za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Anayekunywa kupita kiasi hatari yake ya kuugua kifua kikuu huwa takriban mara tatu ya mwingine. Mwili haukagui stempu ya KRA, mamlaka ya kodi.

Mjomba wangu alizikwa mwaka 2011 akiwa na miaka 47. Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, chini ya picha yake akiwa na suti ya kijivu, palichapishwa kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Tuliosimama pale kaburini tulijua kwamba tumbo lake lilikuwa limejaa maji kwa miezi minane, kwamba macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai, na kwamba usiku wa mwisho alitapika damu beseni likajaa. Hakuwahi kuonja chang'aa, na alijivunia hilo; wanaokunywa kwa mama pima, mwanamke anayeuza chang'aa nyumbani kwake, aliwaita watu wasiojiheshimu. Yeye alikunywa bia ya chupa na pombe kali ya dukani kwa zaidi ya miaka 20. Kifo chake hakikuletewa waziri, hakikuitisha msako, na hata sisi wenyewe tulikifutia sababu kwa maneno manne ya heshima. Sasa zidisha karatasi hizo za mazishi kwa vijiji vyote unavyovijua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na saratani, maradhi ya moyo na ini, ajali za barabarani na vurugu. Sumu ya methanoli ni sehemu ndogo mno ya hesabu hiyo.

Nchini Kenya, utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban watu milioni 3.2 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakinywa pombe wakati huo, na kwamba karibu milioni 1.36 walikuwa na uraibu. Ziweke nambari hizo mbili pamoja. Wakenya wengi hawanywi kabisa, mtu mmoja tu kati ya wanane ndiye anayekunywa. Ila kati ya wanaokunywa, zaidi ya wanne katika kila kumi wameshanaswa. Mara nyingi tunaambiwa kwamba walevi ni wachache wanaowaharibia jina wanywaji wastaarabu. Kwa hesabu hii, mstari kati ya mstaarabu na mraibu ni mwembamba kuliko tunavyopenda kudhani, na anayeuvuka huwa hana habari. Nchi yenye wasiokunywa wengi namna hii haina sababu ya kuuchukulia ulevi kuwa sehemu ya maumbile yake.

Tusome pia vipimo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250, yenye nguvu ya asilimia 40, ina mililita 100 za kileo halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo ile chupa inayoingia mfuko wa koti ni sawa na bia nne, na kuna watu huimaliza wakiwa wamesimama nje ya duka kabla ya kupanda matatu ya kurudi nyumbani. Ukimuuliza amekunywa nini atakwambia "kachupa kamoja tu", na hakudanganyi. Ndivyo anavyoona.

Nyumbani ndiko hesabu inakolipwa. Mwenye duka mmoja mtaani kwetu aliwahi kunionyesha daftari lake la madeni. Kurasa za mama mmoja zilikuwa na mpangilio usiobadilika: Jumatatu hadi Ijumaa alikopa unga, sukari ya kupima, mafuta ya kupima, kiberiti. Jumamosi, siku ambayo mumewe hulipwa kibarua cha mjengo, palitakiwa pawe na malipo. Palikuwa na mstari mtupu, na Jumatatu deni likaanza upya. Hela zilipita hatua chache tu kutoka kwenye duka hilo, zikaingia mlango wa pili. Mwalimu wa darasa la nne naye alinisimulia kuhusu mtoto wa kike aliyekuwa akifika shuleni kila siku na sare iliyokunjamana. Alimkemea mara kadhaa kwa uchafu. Baadaye akagundua kwamba mtoto hulala amevaa sare, na viatu kaviweka kando ya kichwa, ili baba akianza vurugu usiku akimbilie kwa jirani na asubuhi aende shule moja kwa moja kutoka huko. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zimeonyesha tena na tena kwamba wanawake ambao waume zao hulewa mara kwa mara ndio wanaopigwa zaidi. Mtoto huyu hakuhitaji utafiti.

Na mambo hayana weupe na weusi. Mama pima anayepika chang'aa nyuma ya nyumba mara nyingi ni mjane au mke aliyeachwa, na pipa hilo ndilo linalomsomeshea watoto. Karo ya wanawe inatoka kwenye karo ya watoto wa majirani. Simtetei, lakini polisi wanapomwaga pipa lake na kumwacha na faini, sijaona mtoto yeyote katika kijiji hicho aliyerudi shuleni kwa sababu hiyo.

Sasa nirudi kwenye hoja zinazobishaniwa. Wanaotetea umri wa miaka 21 wana jambo la maana. Marekani ilipoyasukuma majimbo yake yote kufikia umri huo kwa sheria ya mwaka 1984, vifo vya vijana barabarani vilipungua, na ubongo wa mtu wa miaka 18 kweli haujamaliza kukua. Ningeipigia kura sheria hiyo. Shida ni kwamba umri wa miaka 18 tulio nao leo hautekelezwi. Utafiti uleule wa 2022 ulipata watoto walioonja pombe wakiwa na miaka 7, na mtoto huyo hakununua supamaketi. Alitumwa na mzazi, au alimalizia iliyobaki kwenye glasi sebuleni. Anayeanza kunywa kwa sababu ya nyumba anamolelewa hatalindwa na kibao kilichotundikwa mlangoni mwa baa.

Hoja nzito zaidi ni ya bei. Wenye viwanda husema ukipandisha ushuru unawasukuma maskini kwenye chang'aa na sumu, na wana kisa cha kutolea mfano. Mwaka 2004 serikali iliondoa ushuru kwenye bia ya pipa ya Senator ili iwavute wanywaji wa pombe haramu. Mwaka 2013 ikairudishia nusu ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na Mei iliyofuata watu wakafa kwa methanoli. Matukio mawili kufuatana hakutoshi kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine, maana misiba ya 2000 na 2024 ilitokea bila kubadilishwa kwa ushuru huo. Hata hivyo hoja hii siipuuzi. Maskini akikosa bia hafifu hatabaki na maji. Ila tukiifuata mpaka mwisho, inatupeleka kwingine kabisa: kwamba kinywaji hafifu kiwe nafuu kuliko kikali, kwa kila tone la kileo. Sisi tumefanya kinyume. Sheria ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 ilihamia kutoza ushuru kulingana na kiasi cha kileo halisi, jambo jema lililokuwa likingojewa kwa muda mrefu. Halafu ikaweka Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo kilicho ndani ya bia, na Sh10 tu kwa kileo kilicho ndani ya pombe kali. Rudi kwenye ile chupa ya mililita 250. Ina sentilita 10 za kileo, kwa hiyo ushuru wake ni Sh100. Bia nne zenye kileo kilekile zinatozwa Sh225. Serikali inayotangaza vita dhidi ya pombe kali ndiyo hiyo hiyo inayoifanya kuwa njia ya bei rahisi zaidi ya kulewa kihalali. Nimesikiliza mijadala ya redio kwa wiki nyingi kuhusu umri wa miaka 21. Hesabu hii sijasikia ikitajwa hata mara moja.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi, hasa na sisi tusiokunywa: kwamba mlevi ni mtu mzima, amejitakia, aache. Inapendwa kwa sababu haitudai chochote. Lakini hebu simama karibu na mtu huyo saa kumi na mbili asubuhi. Mikono inamtetemeka hadi anaishika glasi kwa viganja viwili, na tone la kwanza linamwagikia kifuani. Akimaliza, baada ya dakika kadhaa, mikono inatulia. Watu husema anatoa loki, yaani anaondoa uchovu wa pombe ya jana, na kucheka. Kinachotokea ni kwamba ubongo wake umezoea kufanya kazi ukiwa umebanwa na kileo, na kileo kikiondoka ghafla mfumo mzima wa fahamu huchachamaa. Katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege, kuweweseka, kuona wadudu ukutani, na asipotibiwa anaweza kufa. Pombe ni miongoni mwa vilevi vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kuua. Kwa hiyo anayemwambia mraibu wa miaka 15 "acha leo" na kumfungia chumbani, au kumpeleka kwenye maombi ya siku saba bila mhudumu wa afya karibu, anahatarisha maisha yake kwa nia njema. Misako nayo hufanya vivyo hivyo kwa kijiji kizima: inafunga mahali pa kunywea usiku mmoja na kuwaacha waraibu wote bila kileo na bila daktari. Wanaokufa kwa degedege katika wiki hizo nao huandikiwa kwamba waliugua kwa muda mfupi.

Matibabu yapo na si ya ajabu. Diazepamu ya kutuliza kipindi kile cha kwanza, vitamini B1 ya kulinda ubongo, na dawa kama naltreksoni na akamprosati za kupunguza kiu ya pombe, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Halafu mashauriano ya muda mrefu, pamoja na familia. Mengi ya haya hayahitaji kituo cha kulala cha kulipia makumi ya maelfu kwa mwezi, ambacho mke wa yule kibarua wa mjengo hatakifikia kamwe. Yanahitaji zahanati inayouliza. Mjomba wangu alipimwa shinikizo la damu mara nyingi katika miaka kumi ya mwisho. Alipewa vidonge. Kwenye kadi yake, ambayo shangazi bado anayo, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu yeyote alimuuliza anakunywa kiasi gani.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi mbili ambazo hatujawahi kuziweka kwenye meza moja. Leseni za vileo hutolewa na kaunti, na ada yake hulipwa huko. Zahanati na vituo vya afya navyo viko chini ya kaunti. Serikali inayohesabu leseni za baa mwezi Januari ndiyo hiyo inayompokea mwenye ini lililokufa mwezi Agosti, na vitabu viwili hivyo havijuani. Wabunge wa kaunti watakapoletewa sheria za kutekeleza sera hii mpya, na hilo litakuja, wananchi waende kwenye vikao vya maoni na maswali yao tayari. Leseni ngapi zimetolewa katika wadi yetu, na ni ngapi ziko karibu na shule? Fedha zake zilikwenda wapi? Zahanati yetu ina vitamini B1 na diazepamu? Ni muuguzi gani amefunzwa kumtibu mtu anayeacha pombe, na anapatikana siku zipi? Na wabunge wa kitaifa waulizwe kwa nini kileo kilicho ndani ya kachupa ka mfukoni kinatozwa ushuru chini ya nusu ya kile kilicho ndani ya bia.